Zita Wenseslaus, Katekista Aliyesimama Mlangoni

Baba paroko, ndugu, majirani na wote mliopanda mlima kuja kulia pamoja nasi, familia ya mzee Remigius Tarimo imekubaliana kwamba maisha ya mama yetu yasomwe yote, pamoja na yale ambayo kwa miaka tisa tumeyasema kwa kunong'ona, kwa sababu yeye mwenyewe hakuyanong'ona.

Zita Wenseslaus alizaliwa tarehe 27 Aprili 1941, siku ya Mtakatifu Zita, ndipo akapewa jina hilo, hapa Kimboni, juu ya Shirimatunda, akasoma shule ya misheni mpaka darasa la nane, akakatishwa masomo kwa sababu baba yake aliona ng'ombe wanahitaji majani kuliko binti anavyohitaji kitabu. Mwaka 1961 alihitimu ukatekista, akafundisha katika kigango cha Mtakatifu Anna kwa zaidi ya miaka thelathini, na wengi mnaosimama hapa aliwachapa viganjani kwa kuchanganya amri ya nne na ya tano. Julai 1963 alifunga ndoa na Remigius, wakajaliwa Denis, Gladys, Melkior, na kitinda mimba Fabian, ambaye alimdekeza kuliko wote.

Vyama vingi viliporudi, marehemu alisema wazi kwamba kura yake ni ya mageuzi, kwa kuwa bei ya kahawa ilikuwa imeanguka na zahanati haikuwa na dawa, na Fabian, aliyekuwa mstari wa mbele katika vijana wa mageuzi, alijivuna kuwa na mama wa namna hiyo.

Jumapili ya tarehe 22 Oktoba 1995, wiki moja kabla ya kura, ulivuma uvumi kwamba jirani yetu Elisaria, Mlutheri, balozi wa nyumba kumi wa chama tawala, amekusanya shahada za wapiga kura na kuzificha, uvumi ambao baadaye ulionekana ni uongo mtupu. Vijana wa mageuzi waliokuwa wakinywa pombe ya mbege tangu asubuhi waliichoma nyumba yake, naye akatoka mgongo ukiwaka, akakatiza migombani, akaingia kanisani, ambako marehemu alikuwa akikunja vitambaa vya altare. Mama alimlaza sakafuni, akatoka, akavuta mlango, akasimama mbele yake.

"Shikamoo katekista," alisema Sirili, kiongozi wao, panga mkononi. "Tupishe."

"Marahaba. Ndani kuna mtu aliyeungua. Hampiti."

"Mama, huyo ni msaliti," alisema Fabian. "Wewe si mwenzetu?"

"Kura yangu nitawapa. Mtu huyu siwapi."

Sirili alikata, mama akakinga, vidole vitatu vya mkono wa kulia vikaanguka kizingitini, akaung'ang'ania mwimo kwa mkono wa kushoto mpaka walipomvuta kwa nywele na kumtupa chini. Elisaria aliburutwa nje, akapigwa marungu na mawe mbele ya watoto wa kwaya, na mama, akitambaa katika damu yake, alimwona Fabian akiinua jiwe, akalishusha, akaliinua tena. Elisaria alikata roho kabla gari halijafika Moshi.

Polisi walipokuja, kijiji kizima hakikuwa kimeona kitu, na mzee mmoja wa kigango alimfuata mama hospitalini akamwambia, "Katekista, siasa usiilete kanisani," naye akajibu, "Iliingia yenyewe, na panga." Mzee Remigius alimsihi amtaje Sirili, amwache Fabian. Kwa majuma kadhaa marehemu hakuweza kumaliza Baba Yetu, alifika penye kusamehe akanyamaza, kisha akamwambia mumewe, "Nikimtaja mtoto wa mwenzangu nikamficha wangu, Komunyo nitaipokea kwa mkono upi?"

Mwaka 1997 alisimama mahakamani Moshi, akawataja wote wawili, wakafungwa miaka saba kwa kuua bila kukusudia. Wiki ile ile kahawa yetu yote ilikatwa mashinani, ng'ombe wetu akakatwa mishipa ya miguu, mama akavuliwa ukatekista, na mzee Remigius akahamia kwa Denis, Majengo, mwaka mzima kabla ya kurudi.

Kila mwezi alikwenda gerezani, na kwa miaka miwili Fabian alikataa kutoka kumwona. Alipokubali mara ya kwanza walikaa wakitazamana mpaka muda ulipokwisha.

Fabian alipunguziwa kifungo, akaachiwa mwaka 2002. Mwaka uliofuata mama aligundulika ana saratani ya tumbo, na Fabian ndiye aliyembeba, aliyemwogesha na kumlisha. Juma lililopita alimwuliza, "Mama, ingekuwa leo, ungenitaja?"

"Ningekutaja," alisema. "Halafu ningekuja tena gerezani, hata ungenikataa miaka kumi."

Alifariki Jumanne, tarehe 9 Novemba 2004, mkono wake ukiwa mkononi mwa Fabian.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomtunza, majirani mliokesha nasi, na makatekista wenzake mliobeba jeneza. Tunamshukuru kipekee Mama Grace, mjane wa Elisaria, ambaye hajawahi kutuambia kwamba ametusamehe, nasi hatujamwomba aharakishe, lakini jana alikuja na mkungu wa ndizi, akaketi jikoni na wanawake wengine, akamenya mpaka jioni.

Mama, ulisimama muda mrefu. Sasa lala kwa amani.