Gunnvor Sletteland, wa Jukwaani na wa Kalamu

Ndugu na majirani, nanyi mliovuka na kivuko cha asubuhi kutoka Bergen, familia inawasomea kwa ufupi maisha ya mpendwa wetu Gunnvor, aliyezaliwa hapa kisiwani Fedje tarehe 4 Machi 1919, mtoto wa kwanza wa Anders Sletteland, mvuvi wa heringi na mhubiri, na mkewe Berte.

Alisoma miaka saba shule ya hapa kisiwani, na mwaka 1936 akaenda Bergen kufanya kazi za ndani, huko akaingia katika uigizaji, jambo lililomuuma sana baba yake, aliyeamini kuwa ukumbi wa maigizo ni sebule ya shetani. Tangu Septemba 1940 aliigiza miaka kumi na minane, mara nyingi kama mjakazi au mjane, mara tatu tu kama mwanamke anayependwa. Oktoba 1949 baba alifika hadi mlangoni pa ukumbi, akaikataa tiketi aliyowekewa, akasema, "Humu siingii, mwanangu, ila nitakungoja hapa nje," akasimama mvuani hadi mchezo ukaisha, kisha wakaenda kunywa kahawa.

Tarehe 17 Juni 1950 alifunga ndoa na Torleif Mjelde, ambaye kazi yake ilikuwa kukaa chini ya jukwaa na kuwanong'onezea waigizaji maneno waliyoyasahau, wakajaliwa binti mmoja, Eldbjørg.

Februari 1959 Gunnvor alipasuliwa uvimbe wa shingo, uvimbe ukaondoka na sauti ikaondoka nao, akakaa dirishani mwaka mzima bila kutaka kuona mtu, mpaka Torleif, naye amechoka, alipomwekea karatasi mezani. "Nimekunong'onezea maneno ya watu miaka yote hii," alimwambia. "Sasa andika ya kwako, nitayasema mimi."

Aliandika vitabu saba, na mumewe akavisoma kwa sauti maktabani, mbele ya watu, yeye akiwa ameketi kando, macho chini. Cha tatu kilimhusu baba, na kwa sababu hiyo wapo wa hapa ambao hawakumsalimu miaka mingi, hilo tusilifiche, ingawa baba mwenyewe alikisoma mara mbili, akasema tu, "Kaandika kweli, ila mvua ilikuwa kubwa zaidi."

Torleif alifariki mwaka 1981, Gunnvor akarudi hapa kisiwani kwa mdogo wake Magnhild, na mapafu yalipomshinda, Magnhild akamuuguza miaka miwili, akimwogesha na kumlisha, akisinzia kitini. Asubuhi ya tarehe 9 Novemba 1988 Gunnvor alimnong'oneza, "Nenda kalale, mdogo wangu, siendi popote." Magnhild akaenda kujinyoosha, na alipoamka dada yake alikuwa amekwisha kwenda.

Tunamshukuru daktari, muuguzi wa kisiwa, majirani mlioleta kuni na supu ya samaki, na waigizaji wenzake watatu waliosalia. Magnhild ameomba isemwe hapa kwamba uwongo ule wa asubuhi ya mwisho amemsamehe. Gunnvor, ulichoka, nasi tumechoka, basi lala kwa amani.