Nimechoka kwa Kazi Gani?

Shikamooni wazee wangu. Na nyie wenzangu, habari za mchana. Mwenyekiti, naomba ruhusa niseme nikiwa nimekaa. Zamani ningeona aibu kuomba hivyo mbele ya kikundi chetu cha kuzikana. Leo nimeomba, na mtaona kwa nini.

Wengi mnanijua, ila kwa wageni: mie ni kuli wa soko la Tandale, miaka mingi sasa. Mchele, maharage, viazi vya lumbesa vilivyojazwa kupita mdomo wa gunia, vyote vimepita mgongoni kwangu. Nilikuwaga siulizi gunia lina uzito gani, nauliza linaenda wapi. Jioni nikifika nyumbani mke wangu ananipokea mlangoni: "Pole na kazi, baba watoto." Namjibu, "Nishapoa." Tulisemezana hivyo kila siku, wala sikutilia maanani.

Ugonjwa wenyewe sijui ulianza lini, na hapo ndipo panaponichanganya mpaka leo. Haukuja na homa wala kidonda. Nilianza tu kuamka nimechoka. Uchovu wa kubeba naujua, uko mabegani, ukioga na kula ugali unaondoka. Huu haukuwa na mahali. Naangalia kikombe cha chai mezani, naanza kufikiria namna ya kukifikia.

Nikapimwa malaria, hakuna. Taifodi, hakuna. Mkojo, safi. Nimetobolewa vidole mpaka nikaanza kuwahurumia mbu, wanasingiziwa bure.

Halafu ikaja siku ile ya makaburini, mnaikumbuka. Tunamzika jirani yetu, tunapokezana chepe, zamu yangu ikafika. Nikatupa udongo mara tatu, nikaweka chepe chini, nikakaa palepale juu ya udongo. Mwenzetu mmoja, simtaji, yumo humu na anajijua, akasema, "Kuli mzima! Gunia analiweza kwa sababu lina malipo. Marehemu halipi." Watu wakaguna. Na mie nilikuwa najiuliza hivyohivyo. Nimekuwa mvivu? Uvivu unaanzaga hivi, unamwingia mtu mzima bila hodi?

Sokoni braza mmoja akanishauri supu ya pweza. "Kunywa wiki moja tu, utabeba gunia na lori lake." Nikawa nakunywa kila jioni kabla ya kurudi nyumbani. Mama zangu mnisamehe, lakini mnajua wenyewe mjini hapa supu ya pweza inasifiwa kwa kazi gani. Mke wangu akapelekewa umbea: mumeo kila jioni yuko kwenye pweza. Nikifika nyumbani nakula nusu sahani, nalala na viatu. Sokoni nako wanamwambia, siku hizi habebi. Mwanamke akajumlisha mwenyewe: sasa nguvu zinaishia kwa nani?

Jioni moja nimefika mlangoni, akanitazama tu. Pole na kazi haikutoka.

"Mbona kimya, mama? Nimechoka mwenzio."

"Umechoka kwa kazi gani? Huko unakochokea, ndiko wakakupe pole."

Nikamwapia kwamba sina mwanamke nje. Akasema siku akihakikisha, anabeba vitu vyake, anarudi kwao. Ndugu zangu, nawaambia, niliogopa. Ningekuwa na kosa ningetubu. Lakini unatubu nini, wakati hata wewe mwenyewe hujui umechoka kwa kazi gani?

Asubuhi moja akanifuata. Haya alinisimulia baadaye. Alijitanda kanga mpaka machoni, akaja nyuma yangu akingoja kuona naingia nyumba ipi. Akaona mkono wangu wa kushoto umening'inia tu, haupungi. Akaniona nimefika kwenye ule mtaro mdogo wa karibu na soko, ambao hata mtoto anauruka, nikasimama. Watu wananipita, mie nimesimama. Miguu ilikuwa imegoma, naiamuru haisikii. Nilipofika sokoni wenzangu walikuwa wanapakua lori. Mie nikapita nyuma ya ghala, nikakaa juu ya magunia matupu, nikaanza kufunga kifungo cha shati kilichokuwa kimefunguka. Anasema alisimama pale mpaka kivuli kikamhama, kifungo bado hakijafungwa.

Akaja akakifunga mwenyewe. Nilipomwona nilishtuka kama mtu aliyefumaniwa, na sijui nimefumaniwa na nini!

Akasema, "Baba, wewe unaumwa." Akaanza kulia, na mie nikalia, palepale kwenye magunia.

Hospitali tukampata daktari, binti wa umri wa mwanangu. Akaniambia nigonganishe vidole, niandike jina langu, nitembee koridoni. Akasema ni Parkinson, ule ugonjwa unaojulikana kwa kutetemeka. Nikambishia, "Daktari, mbona sitetemeki?" Akasema si wote wanaanza kwa kutetemeka. Ndipo nikamuuliza lile swali la mke wangu: nimechoka kwa kazi gani, wakati sibebi kitu?

Akanieleza kwamba sehemu za ubongo hupeana taarifa muda wote, na kwa wagonjwa kama mie mawasiliano hayo hayaendi sawa. Huenda uchovu unatokea hapo, lakini hata wanaochunguza hawajamaliza kuuelewa. Niseme ukweli, hapo nilifarijika. Nilidhani nisiyeelewa ni mie peke yangu.

Mie nikalielewa kikuli. Tukipakua lori tunajipanga mstari, gunia linapita mkono kwa mkono, hakuna anayechoka sana. Mstari ukikatika katikati, mmoja inabidi akimbie na gunia pengo zima. Mzigo ni uleule, ila jioni mtu hana hali. Nikamuuliza daktari kama ndivyo kichwani kwangu. Akafikiri, akasema, "Inakaribia, baba." Sijui kama ilikaribia kweli au alinionea huruma.

Dawa zimenisaidia, mtaro sasa navuka. Uchovu haujaondoka. Kuna siku naamka mzima kabisa, kesho yake kijiko kinanishinda, na jana sikufanya kitu. Sielewi. Nimejifunza kupumzika kabla sijaishiwa, na kutembea kidogo kila asubuhi nilivyoelekezwa.

Namshukuru yule daktari, hakunicheka. Nawashukuru wenzangu wa sokoni, hawakunitoa. Sasa mie ndiye ninayepanga mstari na kuelekeza malori. Na wewe uliyesema makaburini, nimekusamehe, ulisema kwa sauti lile nililokuwa nalisema moyoni. Ninachowaachia ni hiki: mtu akikwambia amechoka, usimuulize kwa kazi gani. Mpe pole kwanza, mengine mtayatafuta pamoja.

Mke wangu yuko pale nyuma, atakasirika nikisema hili, nalisema. Leo kabla ya kuja nilikuwa navaa shati hili. Lina vifungo saba. Alitaka kunifunga, nikakataa. Akakaa kitandani akangoja, hakunisaidia wala hakuniharakisha. Kifungo cha mwisho kilipoingia, jasho lilikuwa linanitoka. Akainuka, akanipa kofia yangu, akasema, "Pole na kazi, baba watoto."

Nikamjibu, "Nishapoa." Nilimdanganya, sikuwa nimepoa, ndiyo maana nimeongea nikiwa nimekaa. Lakini nimekuja.