Jembe la Sinema

OPERETA: Tabora, zungumza na Kigoma. Kaka kaandikisha dakika sita. Semeni kwa nguvu, waya leo mbaya.

MARSIANA: Haloo! Nani mwenzangu? Matroni kanitoa wodini mbio, eti kaka yangu anapiga simu ya mbali, trankoli, kwa jambo la familia. Mimi kaka sina.

ZEFANIA: Hu— hujambo, Marsiana?

MARSIANA: Sijambo, kaka nisiyezaliwa naye. Wewe nani?

ZEFANIA: Zefania. Wa Simbo. Yule tulio— tuliocheza wote—

MARSIANA: Yewe! Zefania wa sinema! Nani amekufa?

ZEFANIA: Hakuna. Wazima wote.

MARSIANA: Mama?

ZEFANIA: Mzima. Nimemwona jana sokoni Mwanga, anagombana na mtu wa mawese.

MARSIANA: Basi ni mzima kweli. Umenitoa jasho bure. Miaka miwili hata kadi ya Krismasi hujatuma, leo umeingia posta na trankoli. Umepandishwa cheo?

ZEFANIA: Niko bandarini, napima mizigo ya— haloo?

MARSIANA: Nakusikia. Unapima mizigo. Taifa linasonga mbele. Haya, jambo la familia ni lipi?

ZEFANIA: Sinema imefika.

MARSIANA: Sinema gani?

ZEFANIA: Yetu. "Shamba Moja, Mioyo Miwili." Gari la sinema lilikuja Jumamosi, wakatundika shuka uwanjani. Watu walijaa mpaka wengine wakakaa nyuma ya shuka, wanaona kinyume.

MARSIANA: Hao ndio waliopata nafuu. Nilionekanaje?

ZEFANIA: Vizuri.

MARSIANA: Vizuri tu?

ZEFANIA: Ulikuwa na ndoo kichwani.

MARSIANA: Asante, kichwa changu nakikumbuka. Na wewe?

ZEFANIA: Walicheka.

MARSIANA: Wapi walicheka?

ZEFANIA: Pale kisimani. Pale ninapokwambia "Ndugu Marsiana, tangu tuhamie kijiji hiki moyo wangu haujatulia."

MARSIANA: Ulimwambia mbuzi.

ZEFANIA: Nilikuambia wewe—

MARSIANA: Ulimtazama mbuzi, Zefania! Yule bwana wa kamera alipiga kelele mara saba, "Mtazame msichana! Msichana!" Na wewe macho kwa mbuzi. Nafikiri hata mbuzi aliona haya.

ZEFANIA: Nilikuwa na miaka kumi na saba.

MARSIANA: Na mimi kumi na sita, na ndoo imejaa, na shingo inauma, nangoja kupendwa kwa ajili ya taifa.

ZEFANIA: [anacheka kidogo] Marsiana, sikiliza. Kuna mambo yameharibika. Lile jembe.

MARSIANA: Jembe lipi?

ZEFANIA: La mwisho wa sinema. Pale baba yangu anampa mjomba wako Dismasi jembe la posa.

MARSIANA: Mjomba! Walimchukua kwa sababu ya ndevu. Mpaka leo anadhani alikuwa anagombea ubunge.

ZEFANIA: Na unajua kwetu, jembe jipya likipokewa na mjomba mbele ya watu—

MARSIANA: Msichana ameposwa. Najua, sikuzaliwa Tabora. Lakini ile ilikuwa sinema!

ZEFANIA: Jumapili ndugu zake Kalisti walikuwa waje kwenu.

MARSIANA: Kalisti wa ushirika. Mwenye pikipiki. Mama aliniandikia, ukurasa mzima wa pikipiki na mstari mmoja wa Kalisti.

ZEFANIA: Wewe ukajibu nini?

MARSIANA: Nilijibu nitafikiri. Bado nafikiri, sina haraka. Endelea.

ZEFANIA: Ndugu zake walikuwa uwanjani Jumamosi. Wakamwona mjomba wako kwenye shuka, mkubwa kama nyumba, anapokea jembe kwa mikono miwili. Mashahidi wamekaa. Pombe ipo. Jumapili hawakutokea. Wamesema hawawezi kuposa mchumba wa mtu.

MARSIANA: Mungu wangu! Si wangemwuliza mjomba?

ZEFANIA: Walimwuliza. Kasema alipokea kweli.

MARSIANA: Kweli vipi?

ZEFANIA: Anasema siku ile alimwuliza bwana wa kamera, "Nipokee kweli au nijifanye?" Bwana akamjibu, "Pokea kweli kabisa, mzee, ndiyo sinema itapendeza." Basi yeye akapokea kweli. Anasema hawezi kuwa mwongo mbele ya serikali.

MARSIANA: Na baba yako? Naye alitoa kweli?

ZEFANIA: Baba anasema hakumbuki vizuri, ila hana ubaya na wazo lenyewe. Haloo? Marsiana? Opereta, mbona—

MARSIANA: Nipo. Kwa hiyo mimi ni mchumba wako mwaka wa pili sasa, na habari nimeletewa leo, nimevaa aproni yenye dawa ya vidonda.

ZEFANIA: Mimi nami nimejua Jumatatu.

MARSIANA: Hongera, bwana harusi. Sasa nifanye nini, nikupikie kwa simu?

ZEFANIA: Kesho wazee wanakaa Simbo. Jembe linaweza kurudi. Ila aliyeposa ndiye anayelichukua. Nilishike mimi mwenyewe, mbele ya mashahidi wale wale, niseme "Simtaki."

MARSIANA: Ndiyo tu?

ZEFANIA: Ndiyo tu. Nikishasema, uko huru. Kalisti anaweza kuja.

MARSIANA: Neno moja! Yule mbuzi angelisema akiwa anatafuna. Kwa nini umepiga simu basi?

ZEFANIA: Nimejaribu kulisema.

MARSIANA: Wapi?

ZEFANIA: Bandarini. Nyuma ya magunia ya chumvi, peke yangu. Halitoki.

MARSIANA: Halitoki vipi?

ZEFANIA: Linafika hapa, linagoma.

MARSIANA: Hapa wapi? Mimi sioni, niko Tabora.

ZEFANIA: Kooni.

MARSIANA: Zefania... hapo posta mko wangapi?

ZEFANIA: Kumi na wawili hivi. Mlango wa kibanda haufungi. Kuna mama mmoja na kapu la dagaa, amesogea kabisa.

MARSIANA: Anasemaje mama?

ZEFANIA: Anasema niseme.

MARSIANA: Mama mwenye akili. Mimi huku nina Matroni Rozalia. Anakunja shuka lile lile tangu tuanze.

OPERETA: Dakika mbili zimebaki, Kigoma.

ZEFANIA: Asante, dada. Marsiana, nilitaka nijue tu. Kama unamtaka Kalisti, kesho nitakwenda. Nitajikaza, nitalisema, hata likinitoa machozi. Sitaki sinema ile ikuharibie maisha.

MARSIANA: Na kama simtaki?

ZEFANIA: Basi... sitakwenda.

MARSIANA: Kwa nini usiende?

ZEFANIA: Kwa sababu— mjomba wako ameshalizoea—

MARSIANA: Zefania!

ZEFANIA: —na ni jembe zuri, la chuma cha—

MARSIANA: Sijauliza habari za chuma! Nimekuuliza wewe!

ZEFANIA: [mkwaruzo] ...waya unakata...

MARSIANA: Waya haukati. Usijifiche humo. Nikwambie kitu? Siku walipomaliza sinema nilikaa pale njia panda ya Simbo mpaka lori la kamera likaondoka. Nilikuwa nakungoja. Nilidhani utakuja useme neno moja ambalo hukuandikiwa na mtu.

ZEFANIA: Nilikuwepo.

MARSIANA: Wapi?

ZEFANIA: Nyuma ya lori.

MARSIANA: Najua! Niliona miguu! Lori likaondoka, miguu ikakimbia nalo!

ZEFANIA: Niliogopa.

MARSIANA: Uliogopa nini, mwanamume mzima?

ZEFANIA: Kwamba utacheka. Wewe unacheka kila kitu, Marsiana.

MARSIANA: Nacheka kwa sababu nikinyamaza itajulikana.

ZEFANIA: Itajulikana nini?

MARSIANA: Haya, na mimi nimeanza kutazama mbuzi sasa. [anapumua] Kesho usiende.

ZEFANIA: Nisiende?

MARSIANA: Usiende. Mwambie mjomba Dismasi mimi mwenyewe nimesema jembe libaki. Mwaka mmoja na nusu namaliza chuo. Akitaka alitie mpini, atie. Zefania? Umesikia?

ZEFANIA: Hapana. Sema tena.

MARSIANA: Umesikia vizuri kabisa, unataka utamu tu.

ZEFANIA: Ndiyo.

MARSIANA: Libaki! Nakutaka! Nilikutaka na ndoo kichwani! Haya, matroni ameangusha shuka, na kesho chuo kizima kitajua. Umefurahi?

ZEFANIA: Nime— mama wa dagaa anapiga vigelegele, sikusikii vizuri—

OPERETA: Muda umekwisha, Kigoma.

ZEFANIA: Dada, kidogo tu, nakuomba, sijamwambia—

MARSIANA: Rudi kazini kabla hawajakufukuza! Kalisti nitamwandikia mwenyewe leo hii, asiambiwe na watu. Hana kosa, ni mtu mwema na pikipiki yake. Mama naye nitamwandikia, atalia siku mbili. Msalimie mzee wako. Kwa heri, Zefania! Kwa he—

[laini inakatika]

ZEFANIA: Marsiana! Nami nakutaka. Tangu kisimani. Tangu kabla ya kisimani, tangu ulipokuwa unakuja kanisani na lile gauni la kijani. Nakutaka sana. Haloo? Haloo, Marsiana?

OPERETA: Ameshaondoka, kaka.

ZEFANIA: Hakusikia?

OPERETA: Nimesikia mimi. Na Urambo wamesikia, wako kwenye waya wanangoja zamu yao.

ZEFANIA: Naweza kupiga tena?

OPERETA: Uanze foleni upya. Itakuwa saa kumi jioni. Na huko kazini?

ZEFANIA: Watanifukuza.

OPERETA: Basi mwandikie barua, mtu wa Mungu.

ZEFANIA: Barua nimeandika, dada. Kumi na moja. Ziko nyumbani. Niandikishe saa kumi.