Miaka Ishirini na Tisa ya Bi Pindo katika Chumba cha Sare

Ijumaa ya tarehe 28 Juni, Bi Pindo anastaafu baada ya kuitumikia shule yetu ya judo kwa miaka ishirini na tisa na miezi minne. Aliajiriwa kama fundi cherehani wa muda, wiki sita tu, ashone mapazia ya ukumbi. Mapazia yakaisha, wiki sita zikaisha, yeye akabaki. Anaondoka akiwa Msimamizi wa Sare na Unadhifu, cheo ambacho hakikuwepo mpaka alipokuwepo yeye.

Jina la Bi Pindo alipewa na wanafunzi wa mwaka wake wa kwanza. Kabla ya mazoezi alipita mbele ya mstari, utepe wa kupimia ukining'inia shingoni, akitazama miguu badala ya nyuso. Pindo la suruali likiwa limefumuka hata nusu kidole, mwenyewe alitoka mstarini bila kuambiwa. Hakuwa mkali. Alikutazama kwa huruma tu, kama mtu aliyesikia unaumwa, na hapo ungeona heri angekufokea.

Yeye ndiye aliyebandika kwenye mlango wa chumba cha kubadilishia nguo ile karatasi tunayoijua sote: kucha fupi, nywele zimefungwa, koti limefuliwa, mkono wa koti ufike kwenye kifundo, mkanda fundo moja. Wageni walidhani ni mambo ya kupendeza. Bi Pindo aliwaeleza kwamba koti chafu humwambukiza mwenzako ukurutu, kucha ndefu humchana shingo, na mkono mfupi wa koti humnyima mpinzani mahali pa kushika, kwa hiyo huo ni wizi. Alilitamka neno wizi kwa upole sana.

Mkuu wa shule mwenyewe ameniruhusu nisimulie habari ya taulo. Mwaka mmoja alitumbukiza taulo lake jekundu kwenye mashine iliyokuwa na sare arobaini, na zote zikatoka rangi ya waridi. Juma zima tulipigana mieleka tukiwa waridi. Tulimbana Bi Pindo amtaje mhalifu, akajibu kwamba mashine ilikuwa na mafua. Siku ya tano mkuu alisimama mbele yetu akakiri, naye akiwa waridi kuliko wote.

Aliandika namba ndani ya kola ya kila sare. Alishona mabega kwa mishono mitatu badala ya miwili. Alizikusanya sare za waliohitimu, akazifumua, akazishona upya na kuwapa wanafunzi ambao nyumbani hali ni ngumu, na hadi leo hakuna ajuaye yupi alivaa mpya na yupi hakuvaa mpya. Zaidi ya yote, aliweka kanuni moja ambayo hakuiandika popote: kitambaa kipya hufuliwa mara mbili na kukaushwa kabla hakijapimwa, kwa sababu pamba nzito ikifuliwa hurudi, ikawa fupi. Ukipima kabla haijarudi, umejidanganya.

Wasifu kama huu ungetakiwa kuishia hapa, kwa shukrani na picha ya keki. Nilipewa siku kumi kuuandika. Nikaenda ofisini kuomba faili lake, nipate tarehe ya kuajiriwa. Ndani ya miaka ishirini na tisa, faili lile lina barua moja tu ya onyo, ya miaka saba iliyopita. Nyuma yake imebanwa karatasi ya maelezo, na chini ya maelezo kuna sahihi. Sahihi ni yangu.

Wengi wenu mnakumbuka mashindano yale, au mmesimuliwa. Mimi nilikuwa mwalimu msaidizi na ndimi niliyesimamia maandalizi ya timu. Sare mpya zilifika siku kumi na mbili kabla ya safari, na nilikuwa nimekwisha kuona kichwani mwangu gwaride la ufunguzi: timu yetu inaingia, nyeupe inayoumiza macho, wengine wote wanafifia. Bi Pindo alinisimamisha mlangoni pa chumba chake akaomba juma moja la kufua na kukausha. Nikamwambia zikifuliwa zitapoteza mng'aro; azipime na kuzikata zilivyo.

“Mwalimu, kitambaa hiki hakijarudi,” aliniambia. “Kitaturudia mbele ya watu.”

Nikamjibu kwamba kazi yake ni kukata na kazi yangu ni kuamua. Nilimwambia hivyo mtu aliyenizidi umri kwa miaka kumi na sita na aliyekuwa akishona viraka vyangu tangu nikiwa na mkanda wa njano. Akakata.

Nahodha wetu alikuwa msichana wa miaka ishirini, na ule ulikuwa mwaka wake wa mwisho kwenye kundi la vijana. Bi Pindo alimshonea sare yake ya kwanza akiwa na miaka tisa, na msichana huyo alimwita mama. Kwa kuwa tulimfunza kwamba hakuna kuingia mkekani na nguo isiyofuliwa, usiku wa gwaride yeye peke yake alizifua sare zake zote mbili, ya kuvaa na ya akiba, kwa maji moto. Asubuhi, kwenye meza ya ukaguzi, ofisa akamwambia anyooshe mikono. Koti lilikuwa limeishia vidole vinne juu ya kifundo. Akajaribu la akiba, likawa vilevile. Sare za zamani niliagiza mimi ziachwe nyumbani. Alipewa dakika kumi. Tukamvalisha koti la mwenzake wa uzito wa juu, likamvuka mikono na kufunika viganja. Akafutwa kwenye orodha. Hakulia. Alilikunja koti vizuri, mikono ndani, kola juu, kama alivyofundishwa, akaketi jukwaani siku nzima akiwashangilia wengine.

Jumatatu tuliitwa ofisini, mkuu wa shule, Bi Pindo na mimi. Mkuu akauliza nani alipima. Nikasema vipimo ni kazi ya fundi. Hilo halikuwa uongo, na ndiyo maana lilinitoka kirahisi. Bi Pindo akaniangalia, akangoja. Alipoona siongezi neno, alisema, “Mwalimu msaidizi anajua tulichozungumza mlangoni pangu.”

Mkuu akanigeukia. “Mlizungumza nini?”

“Sikumbuki,” nikasema.

Niliyakumbuka yote, hadi rangi ya uzi uliokuwa kwenye sindano yake. Lakini nafasi ya mwalimu mwandamizi ilikuwa inajazwa mwezi ule, na nilijua mkuu ataniamini. Niliandika maelezo hayohayo nikatia sahihi, naye Bi Pindo hakubishana. Akapewa barua, akaondolewa kwenye msafara wa timu, na tangu siku ile kila tulipokwenda mashindanoni yeye alibaki na cherehani yake. Cheo nilikipata. Miaka saba nimesimama mbele ya mstari nikikagua unadhifu wa wengine, na yeye akiendelea kunishonea mabega bila kubadilisha sauti anaponisalimu. Afadhali angenitukana.

Kuna lililo baya zaidi. Nahodha aliacha judo, na aliamini tulichomwambia, kwamba Bi Pindo alipima vibaya. Anafanya kazi kwenye duka la dawa la jirani. Kila siku hupita mbele ya chumba cha sare, na kwa miaka saba hakugeuza shingo. Bi Pindo alisikia nyayo zake zikipita. Fundi msaidizi ndiye aliyenieleza kwamba, muda ule ukifika, mashine ya Bi Pindo ilikuwa inanyamaza kidogo, kisha inaendelea.

Jumanne iliyopita nilibeba ile karatasi ya maelezo nikaenda kwake. Nilianza kueleza yaliyotokea, kama vile yeye hayajui. Akanikatiza.

“Mimi nilikuwepo, mwalimu. Kawaambie ambao hawakuwepo.”

Nikaenda duka la dawa. Nilimsubiri nahodha wa zamani amalize kuwahudumia wateja wawili, nikamweleza kila kitu pale kaunta, nikiwa nimesimama. Alisikiliza huku akizipanga chupa za dawa ya kikohozi ambazo tayari zilikuwa zimepangwa.

“Mlinifundisha kumwinamia hata aliyeniangusha,” alisema. “Kumbe yule mama nimempita miaka saba bila shikamoo.”

Hakuniambia amenisamehe, na sikumwomba. Alivua koti lake la kazi, akamwomba mwenzake amshikie kaunta, akavuka barabara. Niliona mlango wa chumba cha sare ukifungwa. Waliyosemezana humo si yangu kuyaandika. Alikaa humo mpaka chakula cha mchana kikapita.

Siku iliyofuata nilimwandikia mkuu wa shule. Barua ya onyo imeondolewa kwenye faili, na mahali pake ipo barua ya shule ya kumwomba radhi. Barua yangu ya kukiri imo katika faili langu, namo ndimo inamostahili kukaa. Mkuu alimwomba Bi Pindo aiongoze timu kwenye gwaride la mashindano ya mwezi wa nane. Alishukuru, akakataa, akasema magoti yake hayataki tena safari ndefu, na kwamba miaka ile saba ndiyo angeweza. Hilo hatuwezi kulirekebisha, na tusijifanye tunaweza.

Sherehe itaanza saa tisa alasiri ukumbini. Tafadhalini njooni na sare zilizofuliwa. Haya niliyoandika hapa nitayasoma kwa sauti mbele yenu, yote, kabla ya keki.

Bi Pindo, wote tuliowahi kuingia mkekani tukiwa nadhifu tulitoka mikononi mwako. Asante kwa kila mshono, na kwa heshima uliyotutendea hata pale tuliposhindwa kukurudishia. Mumeo na wajukuu wakupokee kwa furaha, afya yako idumu, siku zako ziwe na nafasi ya kupumzika. Na kuanzia sasa, popote utakapotajwa katika shule hii, utajwe kwa haki.