Kunegunda Mbawala, Aliyeuliza Ofisi Iko Wapi

Waheshimiwa mapadre na masista, wazee wetu, ndugu na majirani, Tumsifu Yesu Kristo. Kwa niaba ya familia ya Mwalimu Hironimus Luoga, nawasomea maisha ya mkewe, Kunegunda Leo Mbawala, ambaye wengi mlimwita Mama Thadei.

Marehemu alizaliwa tarehe 3 Machi 1950 kijijini Maposeni, mtoto wa pili wa Mzee Leo Mbawala, akimfuata kaka yake Rupert, akasoma shule ya msingi Peramiho, kisha sekondari, na mwaka 1971 akaajiriwa benki hapa Songea mjini. Alifunga ndoa takatifu na Mwalimu Hironimus tarehe 12 Julai 1975, wakajaliwa watoto watatu, Thadei, Devota na Pamela.

Mwaka 1993 benki ilipunguza wafanyakazi, naye akiwemo, wenzake wakafungua maduka, lakini yeye hakutulia, akaanza kuzunguka Hanga, Tunduru hadi Namasakata, akisimama kwenye kumbi za parokia na ofisi za vijiji, akiwaeleza wakulima riba ni nini, dhamana ni nini, na maswali gani wawaulize wanunuzi binafsi waliokuwa wakimiminika baada ya soko kuachiwa huru. Mafundisho hayo aliyaandika katika kitabu chake, Uliza Kabla Hujasaini, kilichochapwa mwaka 1995. Hakujua kupamba maneno, na akirudi nyumbani aliulizia gari la kesho kabla hajavua viatu.

Julai 1996 kampuni moja ilifika Maposeni, ikitaka wakulima watoe mahindi kwanza, walipwe baadaye pamoja na nyongeza, na Rupert ndiye aliyewapokea wageni hao. Marehemu alisimama mkutanoni akauliza, "Ofisi yenu iko wapi, na nani hapa amewahi kuiona?" Akamgeukia Rupert, mbele ya wakwe za kaka yake huyo, akasema, "Kaka, umekubali kama mtoto aliyeonyeshwa pipi." Rupert alimwamuru atoke, akatoka, malori yakapakia mahindi, na hayakuonekana tena.

Hakufurahi kuwa alisema kweli. Kwa miaka minne Rupert hakumsemesha, naye aliendelea kufundisha huku akisumbuliwa na wazo kwamba pengine ulimi wake ndio uliowaziba watu masikio siku ile. Mwalimu alipomsihi apumzike, alijibu, "Nikikaa tu, namwona Rupert."

Mwaka 2000, alipogundulika kuwa na ugonjwa wa figo, alikataa kulazwa kabla hajafika kwao, akapanda pikapu ya parokia hadi Maposeni. Rupert alimkuta uani.

"Umekuja kunifundisha tena?"

"Shikamoo, kaka. Nimekuja kukuomba radhi kwa neno lile la pipi. Na kama kuna togwa, nina kiu."

Rupert aliingia ndani, akakaa huko muda mrefu hadi dereva akaanza kupiga honi, kisha akatoka na vikombe viwili.

Marehemu alifariki tarehe 9 Oktoba 2001 katika hospitali ya misheni, Peramiho, akiacha kitabu cha pili hajakimaliza.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani wa Matarawe, wafanyakazi wenzake wa zamani wa benki, na wakulima wa Maposeni waliofika kwa miguu, wakiongozwa na kaka yake Rupert, ambaye ameomba awe wa mwisho kuweka udongo.

Mama Thadei, Bwana akupe pumziko ambalo sisi tulishindwa kukupa, na safari hii ulipokee, upumzike kwa amani.