Chumba cha Redio Hakistaafu

Ijumaa tarehe 30 Juni, saa za kazi zitakapokwisha, fundi wetu wa redio na antena za magari atavua ovaroli kwa mara ya mwisho, baada ya kuitumikia karakana hii kwa miaka ishirini na tisa. Anayestaafu ni yeye. Chumba cha redio hakistaafu. Tunaliweka wazi jambo hilo mapema kwa sababu tangazo la mwezi uliopita lilisema vingine, na wapo walioanza kuulizana meza yake itapelekwa wapi.

Jina lake la kuzaliwa liko kwenye kitambulisho cha kazi, lakini hata mumewe akipiga simu ofisini huomba kuzungumza na Bi Soketi. Jina hilo alilipata mwaka wake wa kwanza. Wakati huo, mteja akitaka kubadilisha redio iliyokuja na gari kutoka kiwandani, mafundi walishika koleo, wakakata nyaya nyuma ya dashibodi, wakazisokota na nyaya za redio mpya, wakazungushia tepu. Kazi ilikwisha chai haijapoa. Bi Soketi hakukubali. Aliunda soketi ya kati: upande mmoja unaingia kwenye plagi ya gari kama ilivyotoka kiwandani, upande wa pili unaingia kwenye redio mpya. Hakuna kinachokatwa. Redio ya zamani inafutwa vumbi, inatiwa kwenye boksi, na mwenyewe anaondoka nayo. Siku akiitaka tena, inarudi mahali pake kana kwamba haijawahi kutoka.

Wenzake walimcheka. Aliyeongoza kicheko ni fundi wa breki, ambaye wakati huo alikuwa na nywele.

"Shangazi, unafunga redio au unamvisha bibi harusi?"

"Gari hili ni lako?"

"Si langu."

"Basi waya wake usiukate."

Mazungumzo yaliishia hapo. Jina likabaki.

Kanuni yake ya pili iliwauma zaidi watu wa mauzo. Mteja akifika akilalamika kwamba redio inakwaruza na anataka mpya, Bi Soketi hafungui kabati la redio mpya. Anachomoa waya wa antena nyuma ya redio, anachomeka antena yake ya majaribio yenye sumaku, anaibandika juu ya paa la gari na kusikiliza. Sauti ikitakata, redio haina kosa. Mgonjwa ni antena. Hapo anaing'oa ya zamani na kukwangua rangi pale kitako kinapokaa mpaka bati ling'ae, kwa sababu antena isiyogusa bati vizuri italeta mluzi kwenye spika kila dereva akikanyaga mafuta. Anafunga mpya, anapaka grisi kuzuia kutu, na mwisho anazungusha kidole kwenye mpira unaoziba tundu la antena. Mpira ukikaa upande, mvua ya kwanza italowesha zulia la gari, na mteja atarudi na mdomo wake.

Kwa hiyo aliyekuja kununua redio aliondoka na antena. Mtu wa mauzo alimwambia siku moja kwamba anafukuza riziki ya karakana. "Mimi siwezi kung'oa jino zima," alimjibu, "eti kwa sababu koleo ninalo."

Asidhani mtu kwamba tunamwandikia malaika. Bi Soketi ni mbishi, hakopeshi bisibisi, na ana tabia ya kuzima muziki wa wenzake bila kuomba ruhusa ili asikilize kama gari lililo nje linakwaruza. Mganga hajigangi: gari lake mwenyewe, lile jeupe lenye mlango wa kijani, antena yake ilivunjika miaka mingi iliyopita, na tangu hapo linapokea matangazo kwa henga ya nguo aliyoinyoosha na kuichomeka kwenye tundu. Akiulizwa, husema zamu yake haijafika. Mbele yake kuna wateja. Mumewe, dereva wa mabasi aliyestaafu kabla yake, anasema ndiye mtu pekee mtaani ambaye mkewe akirudi nyumbani anauliza kwanza kama redio imeguswa. Habari za kustaafu alizipokea kwa kununua kufuli la kabati la televisheni.

Tukio ambalo kila mfanyakazi mpya husimuliwa ni lile la antena ya mota. Ni ile inayopanda yenyewe redio ikiwashwa na kushuka ikizimwa. Fundi wa breki aliazimwa chumba cha redio kwa siku moja, akapewa onyo moja tu: usiinamie antena ya mota kabla hujauliza redio iko hali gani. Akainama bila kuuliza, akitafuta skrubu iliyomdondoka. Bi Soketi alikuwa ndani ya gari, amelala chini ya dashibodi, hamwoni. Akawasha redio. Antena ikapanda, ikaingia kwenye mkono wa ovaroli ya mwenzetu, ikapita kwapani na kutokea kwenye kola, karibu na sikio. Akasimama pale mkono juu, kama shati kwenye kamba.

"Shangazi, zima! Zima, nakufa!"

"Hufi. Unapokea matangazo," alisema baada ya kuchungulia. "Usitikisike, stesheni itapotea."

Alimaliza kusikiliza spika za nyuma ndipo akazima. Jioni hiyo fundi wa breki aliuliza swali lake la kwanza kuhusu soketi. Hajaacha kuuliza mpaka leo.

Kisha ukaja mwaka wa kampuni ya magari ya kukodisha. Walileta magari yao yote kwa mkupuo: redio za kiwandani zitoke, skrini ziingie, antena ndefu zibadilishwe kuwa fupi za mpira, na yote yaishe haraka. Bi Soketi alianza kwa njia yake. Meneja wetu, ambaye ataisoma makala hii kama kila mtu na tunamkaribisha, alisimama mlangoni akaona soketi zinavyochukua muda. Akaagiza nyaya zikatwe. Bi Soketi aliweka koleo juu ya meza mbele yake.

"Hili hapa, bosi. Kata wewe."

Meneja hakukata. Alimhamishia sehemu ya kuosha magari.

Akahamia. Alivaa buti za mpira, akashika mpira wa maji, na kila gari lililopita mikononi mwake lilitoka limetakata na mwenyewe ameambiwa kwamba antena yake imelegea. Baadhi ya wateja walianza kuleta magari safi kuoshwa. Akiombwa akaombe radhi arudishwe kwenye meza yake, alisema maji hayajamshinda.

Ukweli usemwe, maana kisa hiki kimesimuliwa kantini kwa chumvi nyingi. Magari yaliyokatwa nyaya hayakuungua. Mengi yalipiga muziki vizuri tu. Bi Soketi mwenyewe hakudai hata siku moja kwamba yataungua. Alichodai ni kwamba ipo siku mwenye mali ataitaka mali yake kama alivyoileta. Siku hiyo ilifika wakati kampuni ilipotaka kuuza magari yale na kuhamishia skrini kwenye magari mapya. Yale machache aliyoyafunga Bi Soketi kabla hajahamishwa yalirudishiwa redio zake bila jasho: chomoa, chomeka, kaza skrubu. Kwenye yaliyobaki, mafundi walilala chini ya dashibodi wakitafuta ncha za nyaya zilizofupishwa kama kucha, huku wenye magari wakiangalia saa zao.

Meneja alikwenda mwenyewe sehemu ya kuosha, kwa miguu yake, mbele ya watu.

"Mama, rudi chumbani kwako."

"Nimalize gari hili kwanza."

Akamaliza. Akafuta na vioo. Kisha akarudi. Wiki hiyohiyo fundi wa breki alichukua rangi nyekundu akaandika ukutani, juu ya swichi ya taa: NYAYA ZA GARI HAZIKATWI. Maandishi yamepinda kidogo upande wa kulia. Hayajawahi kufutwa.

Ukuta huo ndio ambao tangazo la mwezi uliopita lilisema utabomolewa. Bi Soketi akiondoka, chumba cha redio kifungwe, ukuta uvunjwe, mapokezi yapanuliwe na kuwekwa viti vya kisasa. Meneja ana hoja, nayo tunaiandika bila kuipunguza: magari ya siku hizi yanakuja na skrini zao, antena zao ni vijipembe vidogo juu ya paa, na kazi ya chumba kile inapungua kila mwaka. Ni kweli. Ni kweli pia kwamba magari ya siku hizi si hayo yanayosimama nje ya geti letu asubuhi. Yanayosimama pale yana umri wa kuoa. Wenyewe wanataka kusikia habari na mpira wakiwa njiani, wanataka simu zao ziungane na spika, na hawataki gari likatwekatwe ili wapate hayo.

Bi Soketi hakuandika barua wala kuitisha kikao. Alipopelekewa habari ya sherehe ya kumuaga, alijibu: "Kuaga mtu nimekubali. Kuaga chumba sikualikwa." Kisha akainua simu ya mezani na kuendelea na kazi. Kila mteja aliyepiga kuuliza kuhusu antena, spika au redio alipewa jibu moja: njoo mwezi ujao. Siku ya tatu ya simu hizo meneja alikuwa amesimama nyuma yake.

"Mama, mwezi ujao hutakuwepo."

"Mimi sitakuwepo, bosi. Gari lake litakuwepo."

"Na nani atalitengeneza?"

Akaelekeza kidevu kwa fundi wa breki, aliyekuwa ameinamia meza akilehemu soketi na kujifanya hasikii. "Huyo. Alishawahi kuwa antena, anajua inavyouma."

Jumatatu iliyofuata, wafanyakazi hawakwenda kantini saa ya chai. Wapaka rangi, wa injini, wa matairi, waosha magari, hata dada wa mapokezi ambaye ndiye angepewa nafasi kubwa zaidi, waliingia chumba cha redio na vikombe vyao. Viti ni viwili, kwa hiyo walikunywa wamesimama, wameegemea ukuta wenye maandishi mekundu. Hakuna aliyetoa hotuba. Dada wa mapokezi alisema tu kwamba viti alivyonavyo vinamtosha. Meneja alifika, akaangalia, akaomba kikombe, akapewa. Kabla hajakimaliza alisema ukuta utaachwa hadi mwisho wa mwaka, kisha tutaona.

Hadi mwisho wa mwaka, alisema. Tumemsikia. Sisi hatukutaja tarehe.

Jarida hili la wafanyakazi liliombwa kuipa makala hii kichwa chenye maneno "mwisho wa enzi". Tumeshukuru kwa wazo hilo na hatukulitumia. Enzi ikiisha huwa inaacha makumbusho. Chumba hiki kimeacha foleni: funguo anazo fundi wa breki, soketi zimepangwa kwenye droo kwa aina ya gari, antena ya majaribio inaning'inia kwenye msumari wake, na wateja wa mwezi ujao wamekwisha kuambiwa siku zao.

Imebaki zawadi. Wafanyakazi wamechanga na kumnunulia Bi Soketi redio mpya yenye sauti inayostahili masikio yake, pamoja na antena halisi, ya dukani, isiyowahi kubeba shati. Tulipanga kuifunga kimyakimya kabla ya sherehe. Alijua, kama anavyojua kila kitu kinachokwaruza. Amekubali zawadi kwa sharti moja: gari lake lisiguswe akiwa bado mfanyakazi. Zamu yake haijafika. Litafungwa Jumatano ya wiki itakayofuata, ndani ya chumba cha redio, na fundi wa breki, na yeye atakuja kama mteja mwingine yeyote na kungoja.

Bi Soketi, tunakushukuru kwa kila waya uliouacha mzima na kwa kila mteja uliyemkatalia alichokuja kununua. Tunakushukuru kwa zile buti za mpira, kwa sababu siku ulipozivaa bila kulalamika ndipo wengi wetu tulipojua kwamba mtu anaweza kusema hapana na bado akafanya kazi. Pumzika vizuri. Usingizi wa asubuhi uwe wako, mzee wako apate subira, na henga irudi kabatini ilikotoka.

Tutakuona Jumatano, saa mbili asubuhi, kwenye benchi la wateja. Bisibisi utaziacha nyumbani, umeahidi. Kufunga mdomo hukuahidi, nasi hatukuomba. Taa itakuwa inawaka, na ukuta utakuwa umesimama.