Chupa Zilizo Mbele Yenu

Mheshimiwa Waziri, Mganga Mkuu wa hospitali yetu, viongozi wa dini, ndugu wageni waalikwa, wakunga wenzangu, na ninyi akina baba mliokaa kule nyuma juu ya madumu yenu: nawasalimu nyote. Kabla sijafika mbali, nina ombi dogo. Chupa za maji zilizo mbele yenu, msizifungue kwanza. Najua jua ni kali. Nitawaeleza.

Nimeombwa, kama mkunga mkuu, niisifu wodi hii mpya ya wazazi, nami naisifu kwa moyo mmoja. Vigae vinang'aa mpaka nikiinama naona nilivyozeeka. Mganga Mkuu amelihangaikia jengo hili hadi mkanda wake ukaongezwa tundu. Kila kitanda kina sinki lake, na kila sinki lina bomba zuri ambalo, ukilifungua, linatoa upepo.

Mto tuliokuwa tukiutegemea umebaki mchanga mtupu, na mvua siku hizi hazijulikani zinakuja lini. Zamani mama alikuja kujifungua na nguo za mtoto. Leo anakuja na dumu. Mnadhani kilichobadilika ni mzigo tu? Binti akichumbiwa siku hizi, shangazi zake hawaulizi kijana anafanya kazi gani, wanauliza kama kwao kuna kisima. Majirani walioazimana chumvi miaka yote wanafunga matangi kwa kufuli. Kama sisi wakubwa tumefika hapa, hawa tunaowapokea leo wataishije wakikua?

Mwezi uliopita alikuja mama mmoja mikono mitupu. Kwenye kitanda cha jirani yake, mama mkwe wa mzazi mwingine alikuwa ameyakalia madumu kama kuku anayeatamia. Nikambembeleza agawe kidogo. Akaniambia taratibu, "Mkunga, nikimpa huyu, wangu utamwosha na nini?" Nilimchukia siku nzima, kisha nikaelewa kwamba hakuwa mchoyo yule, alikuwa na hofu.

Leo zamu imenigeukia. Mke wa mwanangu yuko leba, hapo kwenye wodi ya zamani, na uchungu umeshakolea. Mwanangu ndiye yule mnayemwona mlangoni, analinda dumu lao. Asubuhi nilimwomba maji kidogo kwa ajili ya binti wa kitanda cha jirani, aliyefika bila hata tone. Mwanangu niliyemzaa mwenyewe akaniambia, "Mama, hapana." 

Mheshimiwa Waziri, mkasi uko mezani. Mwaka jana ulituahidi maji, tukakupigia makofi. Leo sikuombi ahadi nyingine. Kata utepe, halafu ingia ufungue bomba mbele yetu sote, na utuambie mwenyewe tuwapokelee wapi watoto hawa.

Naona muuguzi ananiita kwa mkono, kwa hiyo naishia hapa. Sijui ni kwa mkwe wangu au ni kwa yule binti wa jirani. Nawashukuru kwa kunipa masikio yenu. Mkiondoka, mtakuta beseni pale mlangoni pa wodi ya zamani; wekeni humo chupa zenu, zikiwa zimefungwa hivyo hivyo. Na wewe mwanangu, inuka juu ya hilo dumu uzipokee, uzipeleke ndani, na usiulize ni za kitanda kipi.